Siku Bomba Lilipopigwa Picha

Maji ya choo yalipopanda mpaka sakafu ya bafu kwa mara ya tatu, mzee mwenye nyumba alitoka nje na ndala zake mkononi, akasimama katikati ya uwanja, akatangaza kwamba saluni ifungwe. Hakumtazama mkwewe alipokuwa akisema. Aliutazama mlango wa chumba cha mbele, chenye kioo kikubwa na viti viwili, ambako mkwewe huyo alikuwa amesimama na chanuo mkononi, na mteja wake ana nusu ya kichwa iliyosukwa na nusu nyingine imesimama kama imeshtushwa.

Mzee alisema nywele zimeua bomba lake. Bomba lile alisimamia mwenyewe kulazwa kwake, kipande kwa kipande, na kwa miaka yote halikuwahi hata kukohoa. Sasa mtu anafungua saluni ndani ya nyumba ya watu, anaosha vichwa vya mtaa mzima, na kila kichwa kinaacha chake. Fundi bomba aliitwa mara mbili, akasukuma fito zake, akalipwa, akaenda zake, na siku chache baadaye maji yakarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli. Hakuna haja ya kumwita tena, alisema mzee. Ugonjwa unajulikana.

Mkwewe, ambaye mtaa wote ulimwita Msusi, alijibu kwa adabu kwamba haachi unywele hata mmoja uingie kwenye sinki. Ameweka wavu kwenye tundu, na kila jioni anafagia, anazifunga nywele zote kwenye mfuko na kuzitoa pamoja na takataka. Mzee alisema hayo ni maneno. Mama mkwe, aliyekuwa akisukuma maji kwa fagio, alisema yeye hasemi kitu, ila kabla ya saluni choo hiki kilikuwa hakizibi. Wifi, aliyekuwa amekusanya gauni lake lisilowe, alisema hata yeye hasemi kitu. Mume wa Msusi, aliyekuwa amevaa sare ya kituo cha mafuta tayari kwenda kazini, ndiye peke yake ambaye kweli hakusema kitu.

Ilipofika jioni mtaa ulikuwa na habari. Jirani wa ng'ambo ya ukuta, aliyekuwa amepanga kusukwa Jumamosi, alimpigia Msusi kumpa pole na kumwuliza kama ni kweli wametoa kilo mbili za nywele chooni. Kesho yake zilikuwa kilo tano. Wateja waliokuwa wameacha malipo ya awali walitaka kurudishiwa, na mmoja alimweleza, bila nia mbaya kabisa, kwamba angemngoja ila anaogopa kichwa chake kisije kikatajwa kwenye kesi.

Mambo makubwa Msusi aliyavumilia. Yaliyomchosha yalikuwa madogo. Akiingia chooni, mama mkwe alikuwa na kazi ya kufanya karibu na mlango, na kazi ile iliisha maji yalipoacha kulia. Wifi alibandika karatasi ukutani iliyoandikwa USITUPE NYWELE, na mshale unaoelekea chini, kana kwamba kuna mtu angezitupa juu. Kisha mzee akaagiza kwamba mpaka hali itulie, Msusi aogee kwenye beseni nyuma ya nyumba na maji ayamwage nje. Aliambiwa hayo mezani, mbele ya wote, na hapohapo akaombwa apitishe chumvi.

Walipobaki chumbani peke yao, alimwuliza mumewe kama na yeye anaamini ni nywele. Mume alivua soksi moja, akafikiri, akavua ya pili. Alisema baba atapoa. Msusi alisema hakuuliza habari ya kupoa. Mume akatazama dari na kusema kwamba mabomba ni vitu vigumu kuvielewa.

Ni mteja mmoja wa zamani aliyemwambia habari za fundi mwenye kamera. Kwao walikuwa na shida kama hiyo, alisema, na fundi huyo aliingiza waya mrefu wenye taa na kamera kwenye ncha, wakakaa kwenye viti wakitazama tumbo la bomba lao kama wanatazama filamu. Msusi alimpigia fundi siku ileile. Gharama yake ilimeza akiba yake yote ya kununulia kiti cha tatu. Alikubali kabla fundi hajamaliza kuitaja, kwa sababu alijua akianza kuifikiria hataiitikia.

Alitangaza wakati wa chakula cha jioni. Mzee alicheka, kicheko cha mtu ambaye kesi yake imepata shahidi. Alisema kamera ije, waone nywele kwa macho, mambo yaishe. Msusi akampigia fundi, akaweka simu mezani, akafungua sauti ili wote wasikie, na fundi akaeleza kwamba keshokutwa asubuhi watu wasitumie maji kabisa. Mzee aliuliza kama kamera hiyo inaona vizuri.

"Mzee wangu," ilijibu simu, "kitu chochote kilichowahi kuingia humo na kikabaki, kitaonekana. Hata uzi wa kushonea."

Mzee alisema vizuri sana. Lakini vijiko vilikuwa vimesimama, na mama mkwe aliondoka mezani bila kumaliza sahani yake.

Kesho yake mchana, Msusi alikuwa kibarazani akikunja taulo za saluni, ambazo zilikuwa safi na hazikuhitaji kukunjwa. Mama mkwe alikuja akaketi karibu yake, akachukua taulo moja, akaikunja vibaya. Alizungumzia joto. Alizungumzia bei ya sabuni. Kisha akauliza kama kamera hiyo inaona vitu vilivyopo tu, au hata vile vilivyokwisha kupita. Msusi alisema hajui, ila fundi kasema inaona kila kitu. Mama mkwe alikunjua taulo akaikunja upya, na ndipo ikatoka: mafuta ya kukaangia. Mzee hutaka yamwagwe kwenye shimo la takataka mwisho wa uwanja, lakini ni mbali na magoti yanauma, kwa hiyo yeye huyamwaga chooni yakiwa bado ya moto. Tangu lini, hakumbuki. Tangu zamani.

"Sasa mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa laini kuliko ilivyowahi kuwa tangu maji yapande, "wewe tayari umeshasemwa. Yakionekana hayo mafuta, ukisema ni yako hayatakuzidishia kitu. Mimi ndiyo kwanza nitaanza."

Msusi alimtazama. Alitafuta maneno ya kumjibu mama wa mumewe, akayapata mengi, na hakuna hata moja lililofaa kutoka. Alisema tu, "Nimesikia, Mama."

Wifi alikuja saa chache baadaye, akaingia chumbani bila kubisha hodi, akafunga mlango kwa mgongo. Yeye alikuwa na vile vitambaa vyenye unyevunyevu vya kufutia vipodozi usoni. Huvitumia vinne kila usiku, wakati mwingine vitano, na vyote huenda chooni. Pakiti imeandikwa visitupwe chooni, alikiri, lakini yeye alidhani huo ni ushauri tu. Alikuwa amekuja na viatu vyake vyekundu mkononi, ambavyo Msusi alikuwa akivisifu kila alipovivaa. Aliviweka kitandani. Alichotaka ni kidogo: vikionekana, Msusi aseme ni vya kufutia wateja.

"Nimesikia, wifi," alisema Msusi, akamrudishia viatu vyake.

Mzee alichelewa zaidi, na njia yake ilikuwa ndefu zaidi. Alimwita Msusi uwanjani wamwagilie maua, kazi ambayo hakuwahi kumwitia. Alimwagilia ua moja kwa muda mrefu sana. Kisha akauliza, "Hiyo picha ya kamera ina rangi, au nyeusi na nyeupe?"

Msusi alisema anadhani ina rangi.

"Rangi zote? Hata, tuseme, kahawia iliyofifia?"

"Nadhani zote, Baba," alisema Msusi. Mzee akatazama nyuma yake, mlango wa jikoni ulikuwa mtupu, akashusha sauti. Daktari alimkataza sigara, hilo kila mtu anajua, na mkewe hunusa mashati yake kila jioni kama askari wa forodha. Lakini mtu hawezi kuacha kila kitu siku moja. Basi yeye hupanda juu ya kifuniko cha choo, hupulizia moshi kwenye kidirisha, na kile kipande kinachobaki, hukitupa pale chini na kuvuta maji. Mzee hakumwomba Msusi asingizie kuwa ni chake. Aliomba tu kwamba kikionekana, asimtazame. Kisha akaona amejishusha kupita kiasi, akaongeza kwamba kipande cha sigara ni kitu kidogo mno, hakiwezi kulinganishwa na nywele.

Msusi alirudi ndani akaketi kwenye kiti cha mteja, mbele ya kioo. Watu watatu walikuwa wamemwungamia, na hata mmoja hakumwambia kwamba basi huenda si wewe. Na jambo baya zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alianza kuogopa. Vichwa vyote vile alivyoviosha; wavu una matundu; je, kama kweli zilikuwa zikipita, moja moja, bila yeye kujua? Aliinuka akaenda kuuchunguza ule wavu kwenye mwanga wa dirisha, akauona uko sawa, na bado hakutulia.

Asubuhi ya kamera, mumewe alipangusa viatu na kuvivaa ingawa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Aliuliza kama mvua ikinyesha kazi itaahirishwa. Mbingu ilikuwa safi, haina hata wingu la kusingizia. Aliuliza kama kamera hizi haziharibiki. Kisha akakumbuka kwamba kituoni kuna mwenzake anaumwa, labda aende kumshikia zamu. Msusi alimshika mkono wa shati.

"Utakaa karibu yangu," alisema. "Hata kama ni nywele."

Mume akavua viatu.

Fundi alifika amevaa mabuti meupe ya mpira ambayo hayakuwa na doa, na fulana iliyoandikwa mgongoni DAKTARI WA MABOMBA. Hakuwa mtu wa kujificha. Alipeana mikono na kila aliyekuwepo, akiwemo jirani wa ng'ambo ya ukuta, ambaye alikuwa amekuja kurudisha sufuria na kukaa kabisa kwenye kigoda. Alimwuliza mzee: mgonjwa wetu, yaani bomba, alianza lini kujisikia vibaya? Mzee alijibu kwa urefu. Alionyesha kwa mkono njia ya bomba: maji ya jikoni, ya saluni na ya choo yote hukutana kwenye chemba hii iliyo nyuma ya bafu, na kutoka hapo bomba moja hupita chini ya uwanja mpaka kwenye bomba kuu la mtaa. Limenyooka kama rula, alisema.

Daktari alifunua chemba, akakunja pua kwa heshima, akasukuma fito mpaka maji yaliyotuama yakapungua kwa mlio wa mtu anayemaliza supu. Kisha akaleta mashine yake: gurudumu kubwa lililozungushiwa waya mgumu, kwenye ncha ya waya kijicho cha kioo kilichozungukwa na taa ndogondogo, na skrini yenye ukubwa wa daftari. Skrini aliiweka juu ya stuli kwenye kivuli cha ukuta. Familia ikakaa nyuma yake, mzee katikati, wengine pembeni kama wanapigwa picha ya harusi.

"Tunaingia," alisema Daktari, kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

Skrini ikaonyesha njia ya duara yenye giza, kuta zake zinang'aa kwa unyevu. Ikasogea.  Daktari alisema mwanzo ni mzuri, hapa bomba lina afya, na mzee akaitikia kwa kichwa, akiwatazama wengine kuhakikisha wamesikia. Kisha upande wa juu ukageuka mweupe, mnene, kama nta ya mshumaa iliyoganda. Daktari akasimamisha waya. Alisema hayo ni mafuta ya kupikia, yakimwagwa ya moto hupoa njiani na kunata. Aliuliza ni nani katika nyumba hii anayemwaga mafuta.

Vichwa vyote vikamgeukia Msusi. Vilikwenda vyenyewe, kwa mazoea.

Msusi hakusema ni yake na hakusema si yake. Aliendelea kutazama skrini, mikono mapajani.  Jirani alijikohoza. Mama mkwe alijaribu kutazama juu, akajaribu kutazama miguu yake, na mwisho akasema, kwa hasira, kana kwamba ndiye aliyeonewa, "Basi ni mimi. Shimo liko mbali."

Waya ukaendelea. Vikafuata vitambaa, vimejikunja pamoja kama panya waliolala, na Daktari alipovitaja tu, wifi akainua mkono kama yuko darasani. Karibu na vitambaa kulikuwa na kitu kidogo cha rangi ya kahawia iliyofifia. Halafu kingine. Halafu vingi.

"Na hivyo ni nini?" aliuliza mama mkwe.

Daktari alisema ni vipande vya sigara. Mzee akasema haraka kwamba nyumba hii haina mvutaji. Msusi hakumtazama, kama alivyoombwa. Lakini mkewe alimtazama, na macho yale yalikaa juu yake muda mrefu hivi kwamba mzee alianza kujipapasa mfuko wa shati, ambao ulikuwa mtupu, na hapo akajifichua mwenyewe.

Daktari alikuwa ameanza kufurahia kazi yake. Aliusukuma waya kidogo, akaurudisha, akainama karibu na skrini. Pale chini, imelala ubavu kwenye tope, kulikuwa na kitu bapa chenye vitufe vilivyopangwa safu safu.

"Hii ni simu," alisema.

Mume wa Msusi aliinamisha kichwa. Simu ile waliijua wote. Ndiyo ile aliyoporwa na majambazi wawili wenye pikipiki alipokuwa akirudi kutoka kazini, akapigana nao, akatokea mbele yao na mkono umelowa na kuchubuka. Aliisimulia vita ile mara nyingi, na kila mara pikipiki ilikuwa kubwa zaidi. Wenzake kituoni walimchangia simu nyingine.

"Hata mimi nilichanga," alisema jirani kutoka kwenye kigoda.

Mzee alimtazama mwanawe, akaitazama skrini, akamtazama tena mwanawe. Ilikuwa nafuu kwake kupata mtu mwingine wa kutazamwa. Aliuliza polepole, "Hao majambazi walipita kwetu kujisaidia?"

Mume alieleza kwa sauti ndogo kwamba ilimtoka mfuko wa shati alipoinama. Aliingiza mkono, mkono ukakwama, akauchomoa kwa nguvu, na kiwiko kikagonga kile kitu cha kuvutia maji. Simu yenyewe alikuwa amenunuliwa na mkewe, na wiki ile alikuwa ameshavunja bakuli la mkewe huyohuyo. Hakujua aanzie wapi kusema, akaanzia kwa majambazi.

Msusi alicheka. Hakupanga kucheka, kicheko kilitoka kama chafya, akakiziba kwa mkono, kikatokea puani. Wifi akafuata, halafu jirani, halafu mama mkwe, ambaye alikuwa amekasirika na hakutaka, na alicheka akiwa ameshika magoti yanayomuuma. Mume naye mwishowe alicheka, akiwa bado ameinama.

Ni Daktari aliyewarudisha. Alisema haya yote ni aibu lakini si ugonjwa. Bomba lingekuwa zima, yangekwenda na maji zamani. Yamelundikana hapa kwa sababu kuna kitu mbele kinayazuia. Akausukuma waya, na skrini ikajaa nyuzi nyeusi, nyembamba, ndefu, zinazoyumba ndani ya maji kama kichwa cha mtu aliyelala kwenye mto.

Kicheko kikafa. Mzee akainuka kitini.

"Hizo hapo," alisema. "Nilisema. Hizo hapo."

Msusi aliona akilini mlango wa saluni umefungwa, kioo kimegeuzwa ukutani, na mshale wa wifi unamwelekea maisha yake yote. Ndipo mume wake, ambaye hakuwa na sifa tena ya kulinda, alisema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia mbele ya baba yake, "Baba, kaa kwanza. Fundi hajasema."

Mzee hakukaa, lakini alinyamaza. Daktari alisogeza kijicho karibu zaidi, akakizungusha. Nyuzi zile zilitoka ukutani. Zilipenya kwenye ufa mrefu wa bomba, zikaanzia nene na kuishia nyembamba, na kwenye ncha zilikuwa na vichipukizi vyeupe. Alisema ni mizizi. Mizizi hufuata maji. Bomba likipasuka tu, nayo imefika. Kisha akaonyesha kwa kidole umbo la njia mbele ya ufa: halikuwa duara tena. Lilikuwa limebonyea kutoka juu, kama kopo lililokanyagwa. Kitu kizito kimekaa juu ya bomba hili, alisema, nalo limevunjika. Nywele hazivunji bomba.

Mzee alisema juu ya bomba hakuna kitu, ni uwanja mtupu. Daktari hakubishana. Alichukua kifaa kingine, kama fimbo yenye kisanduku, akaeleza kwamba kijicho kule chini kinatoa ishara na fimbo hii inaitafuta juu ya ardhi. Akawasha. Fimbo ikaanza kulia taratibu. Daktari akatembea, na wote wakamfuata kwa mstari, jirani na kigoda chake mkononi. Akaupita ukuta wa bafu. Akayapita maua. Mlio ukaongezeka kasi, ukawa mfululizo, na Daktari akasimama, kwa sababu asingeweza kwenda mbele. Mbele yake kulikuwa na nguzo nne za zege, na juu ya nguzo tangi la maji la mzee.

Tangi lile lilikuwa furaha ya mzee. Alilijenga wakati maji ya mtaa yalipoanza kukatika, akachagua kubwa kuliko yote dukani, na kila mgeni alipofika alipelekwa kulipigapiga tumbo asikie lilivyojaa. Majani yaliyolizunguka yalikuwa ya kijani kuliko kwingine kote uwanjani, na mzee alikuwa akisema ni baraka ya kivuli.

"Lilijengwa mwezi uleule nilipofungua saluni," alisema Msusi. Alisema kama anayejikumbusha mwenyewe.

Mzee aliomba picha irudishwe. Ikarudishwa: ufa, mizizi, kopo lililokanyagwa. Akaomba irudishwe tena. Baada ya hapo aliwashukuru wote kwa kuja, kama ilivyo mwisho wa mkutano, akaondoka peke yake kuelekea nyuma ya nyumba.

Msusi alikuwa amejiandalia furaha kubwa kwa saa ile. Kwa wiki nzima, akiwa kwenye beseni lake, alikuwa akipanga atakavyosimama na atakavyosema. Sasa aliuona mgongo wa mzee unapotelea kwenye kona, na maneno yote yakawa kama nguo ya mtu mwingine. Aliwaacha wengine wakimbana mumewe kwa maswali ya pikipiki, akamfuata.

Mzee alikuwa amesimama pale penye beseni. Alikuwa anavuta sigara waziwazi, bila kujificha wala kufurahia. Alipomwona hakuitupa.

"Nilikuwa na hakika," alisema.

"Najua, Baba."

"Hakika kabisa. Ningeapa."

Alilitazama beseni, kwa muda mrefu, kama ndiyo kwanza analiona na hajui nani aliliweka hapo. Kisha akalisogeza kwa mguu mpaka ukutani. Akasema kesho Msusi afungue saluni yake. Alidhani amemaliza, akageuka, lakini mkwewe hakuondoka.

"Sitafungua, Baba," alisema Msusi. Sauti yake ilikuwa ya chini na macho ameyaweka kwenye ukosi wa shati la mzee, kama inavyopasa. "Siku ile uliyasema uwanjani, mteja wangu akisikia, na mtaa ukayachukua. Nikifungua, watu wataona nimesamehewa. Sikukosa. Naomba uwaambie wewe."

Moshi ulipanda. Mzee alisema watu wenyewe watajua, jirani yuko pale, atawaambia. Msusi alisema jirani ndiye aliyeanza na kilo mbili, zikafika tano. Mzee akataka kujua kilo tano za nini, akaelezwa, na kwa mara ya kwanza tangu maji yapande uso wake ukaonyesha aibu ambayo haikuwa ya kwake mwenyewe. Alizima sigara ukutani. Alitafuta mahali pa kutupa kile kipande, hakupapata, akakitia mfukoni.

Ilichukua siku kadhaa kulimwaga tangi, kulishusha na kufukua bomba. Mzee alichimba pamoja na vibarua, kifua wazi, akikataa kupokewa jembe. Lile bomba bovu lilipotolewa alilibeba mwenyewe mpaka kwenye takataka. Mume alipata simu yake, haikuwaka. Mama mkwe alikuta njia iliyosawazishwa kwa mawe mpaka kwenye shimo la mwisho wa uwanja, na hakuna aliyesema nani aliitengeneza. Karatasi ya chooni ilitoweka, na wifi akasema hata yeye hajui ilikwenda wapi.

Saluni ilifunguliwa Jumamosi. Msusi alidhani mzee atanong'ona na wawili watatu, na yeye angeridhika. Mzee alioga mapema, akavaa shati la kutokea, akaenda kusimama getini. Mteja wa kwanza alipofika alimsimamisha na kumwambia kwamba nywele hazikuhusika na bomba, kwamba ni tangi, kwamba tangi ni lake, na kwamba alimsingizia mkwe wake. Kisha akamfungulia geti. Wa pili alimweleza hivyohivyo, bila kupunguza. Jirani wa ng'ambo ya ukuta alisema yeye alikuwepo, aliona kila kitu. Mzee akamwomba asikilize hata hivyo.

Jua lilipopanda, wateja waliingia kwa wingi kuliko wanaohitaji kusukwa. Wengine walikuja kusikia tu. Mama mkwe alimpelekea mumewe kiti getini, mzee akakataa kukaa, akasema neno kama hili husemwa mtu akiwa amesimama. Sauti ilianza kumkauka. Hakuchagua tena wa kumwambia. Alimwambia muuza mkaa, alimwambia mtu aliyekuwa akiulizia njia ya hospitali. Msoma mita za umeme alipofika, alimshika bega na kumweleza kutoka mwanzo: tangi, bomba, mizizi, na mkwe wake ambaye hakukosa kitu. Msoma mita alisikiliza mpaka mwisho, akampa pole, kisha akauliza kama mita iko mbele au nyuma.

Ndani, Msusi alisikia kila neno. Mteja aliyekuwa kitini alimwomba aache kucheka, kwa sababu mkono unamtikisika na mstari utapinda. Msusi alisema anaacha sasa hivi, akashika msuko mwingine, na hakuacha.